Mama Mmoja Alishukuru

Sitaki kusikia tena neno fursa. Mtu akilitamka mbele yangu nahisi taya zikikaza, na kama nina kikombe mkononi nakiweka chini kwanza. Nilipomaliza chuo na digrii yangu ya uhandisi wa mazingira, neno hilo lilikuwa kila mahali. Lilikuwa kwenye mabango ya semina, kwenye simu yangu, kwenye midomo ya wageni waheshimiwa waliokuja kufungua makongamano ya vijana hotelini. Fursa za kijani, fursa kwa vijana wasomi, fursa zimejaa tele, kazi yenu ni kuzichangamkia tu. Unaingia, unaandikwa jina, unavishwa kadi shingoni, unapewa kalamu na daftari dogo, mtu aliyetoka Nairobi asubuhi anakuonyesha picha za barafu ikiyeyuka huko mbali, mnakula wali kwa kuku, mnapigwa picha, mnarudi kwenu. Nilikuwa na vyeti vya kuhudhuria kumi na kitu. Kazi sikuwa nayo hata ya kusingiziwa.

Kwetu ni juu kidogo ya Manyatta, upande wa Embu, na baba yangu ana majani chai na kahawa kidogo. Aliuza ng'ombe wawili na miti yote ya mpakani ili nisome. Majirani walianza kuniita injinia tangu mwaka wa kwanza, na nilipomaliza wakaanza kuniletea vitu vilivyoharibika. Mmoja alikuja na pampu ya maji kwenye toroli. Nikamweleza kwamba mimi sikusomea pampu, nilisomea maji machafu, taka, hewa, jinsi ya kujenga kitu bila kuharibu mahali kilipojengwa. Alinisikiliza kwa heshima, halafu akamgeukia baba na kumuuliza kama ni kweli mtoto alipelekwa chuo kikuu kusomea takataka. Baba alishika toroli akamsaidia kuigeuza. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Nilifanya atachimenti, yale mafunzo ya kazini, katika ofisi moja Embu mjini. Miezi mitatu. Bosi alijua vizuri zaidi kiasi cha sukari ninachotia kwenye chai yake kuliko alivyojua kozi niliyosoma. Nilipiga fotokopi, nilipanga mafaili, nilipokea wageni. Siku ya mwisho akaniandikia kwamba nina bidii na nidhamu. Nidhamu! Kana kwamba nilikuwa nimetoka kifungoni.

Jambo ambalo hakuna semina iliyoniambia ni hili. Kwetu Kenya, mtu akitaka kujenga kiwanda, machinjio, kituo cha mafuta, ni lazima kwanza iandikwe ripoti ya kueleza mradi huo utaathiri vipi maji, udongo na watu. Hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Lakini huwezi kuiandika na kuitia sahihi bila kusajiliwa, na ili usajiliwe ni lazima uwe umefanya kazi chini ya mtu ambaye tayari amesajiliwa, naye akuandikie barua kwamba alikusimamia na kwamba unaweza. Barua moja tu. Bila barua hiyo digrii yangu ilikuwa karatasi ya kufungia maandazi.

Nilizunguka kuitafuta. Embu, Chuka, Meru. Mmoja aliniambia nafasi ni ya mpwa wake, angalau alikuwa mkweli. Mwingine aliniambia nirudi tuongee vizuri jioni, mahali palipotulia, na akaniangalia kuanzia viatu hadi kichwani. Nilishuka ngazi zake kwa hasira, na mpaka leo nikipita jengo lile natema mate. Akabaki mmoja, Meru mjini, ofisi yake juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Watu wote walimwita Injinia, nami nitamwita hivyo. Huyu hakumgusa mtu, niseme haki yake. Alikuwa mzee wa kanisa, mcheshi, mwepesi wa kununulia watu chakula. Alinikubali siku hiyo hiyo. Mshahara hakuna, nauli ya kwenda kazini ipo, na nikivumilia ataniandikia barua. Nilishuka ngazi zile nikipiga simu nyumbani, na mama alilia kwenye simu. Nikapanga chumba Makutano, mtaa wa hapo Meru, na baba akawa ananitumia viazi na unga.

Nilivumilia. Mwaka wa kwanza ulikwisha, wa pili ukaanza. Niliandika ripoti zake karibu zote, yeye akitia jina. Aliniita injinia mdogo na kunisifu mbele ya wateja. Nilipouliza kuhusu barua alicheka na kusema mbona nina haraka, kwani nakwenda wapi.

Ndipo ikaja kazi ya machinjio. Mwekezaji mmoja alikuwa amenunua kipande cha ardhi mlimani, chini kidogo ya Kangeta, akataka kujenga machinjio ya kisasa. Na machinjio yalihitajika, sikatai. Wachinjaji wa mjini, wengi wao Waislamu wenye maduka ya nyama tangu enzi za babu zao, walikuwa wakichinjia mahali pabovu pasipo hata maji ya kutosha. Shida ilikuwa moja. Maji ya kuoshea damu na matumbo yangepelekwa kwenye shimo kubwa la kunyonya, yazame ardhini yapotee. Nikatumwa kupima udongo.

Kipimo chenyewe ni rahisi, hata mtoto anaweza. Unachimba shimo la kimo cha goti, unalilowesha, kesho yake unalijaza maji, unasimama na rula na saa ukiangalia maji yanashuka kwa kasi gani. Nilichimba matatu. Mawili ya karibu na barabara yalifanya kama vitabu vinavyosema. La tatu lilikuwa mahali penyewe litakapochimbwa shimo la damu. Nilimimina debe la maji, nikainama kuangalia saa, nikainuka, maji hayapo. Nikamimina tena, yakaenda. Mara ya nne nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu pale niliposimama niliweza kuona, chini ya mteremko, wanawake wakiteka maji kwenye chemchemi.

Watu hudhani shimo linalonyonya haraka ndilo zuri. Sivyo. Udongo mzuri huyashika maji machafu, huyachuja polepole, siku baada ya siku. Udongo unaoyameza kwa haraka namna ile hausafishi chochote. Chini yake pana mawe yenye nyufa, na kinachoingia juu hutokea chini kama kilivyoingia. Niliandika hivyo kwa maneno mepesi, nikachora na mchoro. Nilijivunia ule mchoro.

Wiki iliyofuata tukaitisha kikao cha wananchi, maana sheria inataka wananchi waulizwe. Injinia alikipanga saa nne asubuhi. Mtu asiyejua Igembe, huko upande wa Kangeta, hataona ubaya wa saa nne. Lakini mtu yeyote wa kule anajua kwamba saa hizo wenye mashamba wako juu ya miti wakichuma miraa, au wako chini wakiipanga na kuifunga kwa majani ya migomba, na wakimaliza wanakimbilia soko la Kangeta kabla magari hayajaondoka. Huwezi kumpata mkulima wa miraa kwenye mkutano saa nne asubuhi hata ukimwahidi mbingu. Nilimwambia Injinia tusogeze hadi alasiri. Akaniambia nimejifunza mengi, lakini hili bado.

Wakaja chifu, wazee, akina mama wenye watoto mgongoni, na watu wasio na shughuli. Mlangoni niliwekwa mimi na orodha ya mahudhurio. Soda na mkate vilikuwa kwenye makreti nyuma yangu, na utaratibu ulikuwa kwamba anayetia sahihi ndiye anayepewa. Mzee mmoja aliniuliza anatia sahihi ya nini. Nikamwambia ni ya soda tu, mzee. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Wasiojua kuandika niliwashika kidole na kukigandamiza kwenye wino.

Injinia alieleza mradi vizuri sana, kwa Kimeru, watu wakacheka pale alipotaka wacheke. Mtu akauliza damu itakwenda wapi. Akasema Mungu amewapa udongo wa ajabu, unanyonya vizuri, hawataona hata tone. Wakapiga makofi. Walimpigia makofi yule mtu kwa kuwaambia jambo lile lile lililonitisha mimi.

Kisha akasimama mama mmoja mzee. Alikuwa mrefu, kitambaa cha buluu kichwani, na alisema kwa muda mrefu, bila kupaza sauti, akinyoosha mkono kuelekea juu na tena kuelekea chini. Mimi ndiye niliyekuwa naandika kumbukumbu za kikao. Na hapa lazima nikiri jambo la aibu. Kwa kuwa mimi ni Mwembu, kila mtu huchukulia kwamba Kimeru nakijua, eti lugha zetu ni ndugu. Ni ndugu, ndiyo, lakini Kiigembe, Kimeru cha kule, kikisemwa na mzee kwa kasi yake mimi hushika neno moja, yananipita matano. Nilikuwa nimeona haya kusema hivyo tangu siku ya kwanza. Injinia mwenyewe aliniajiri akijua nitaelewana na watu, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Nilishika neno la maji, nikashika neno la kanisa, basi. Nikamwinamia Injinia na kumuuliza kwa sauti ya chini mama anasema nini.

Akasema, "Anashukuru."

Nikaandika: Mama mmoja alishukuru.

Ripoti ilipotoka kuchapwa niliisoma usiku kucha, maana nilikuwa bado mjinga wa kupenda kazi yangu. Sehemu ya udongo ilikuwa imefupishwa. Shimo la kwanza na la pili yalikuwepo na vipimo vyake. La tatu halikuwepo. Mchoro wangu haukuwepo. Mahali pake paliandikwa kwamba udongo wa eneo hilo unanyonya vizuri. Nyuma kabisa ikawa imeambatishwa orodha yangu ya mahudhurio, ile ya soda, chini ya kichwa kilichosema kwamba wananchi waliotajwa hapa chini waliafiki mradi.

Nilikwenda kwake asubuhi nikiwa nimekunja uso. Nilimwambia shimo la tatu ndilo lenye maana. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alifungua droo, akatoa karatasi, akaiweka mezani upande wangu. Ilikuwa barua. Jina langu kamili, namba yangu ya kitambulisho, mistari minne ya sifa nzuri. Pa kutia sahihi palikuwa peupe.

"Ripoti hii ikipita," akasema, "naitia sahihi siku hiyo hiyo."

Kisha akairudisha kwenye droo, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Ningependa kusema kwamba nilitoka nikaenda moja kwa moja kushtaki. Wapi. Nilikunywa chai ile. Nilijiambia labda nimekosea kipimo, labda wataalamu wa serikali wataona wenyewe, labda nikisajiliwa nitafanya mema mengi ya kufidia hili moja. Mtu mwenye njaa ana maneno mengi ya kujiambia.

Siku kadhaa baadaye nikatumwa Kangeta tena kuchukua picha zilizokosekana kwenye ripoti. Nilikuwa napiga picha chemchemi nilipomkuta yule mama wa kitambaa cha buluu akijaza mtungi wa plastiki. Alinitambua. Nikamsalimia kwa Kimeru, akacheka kidogo jinsi ninavyokipinda, akaingia kwenye Kiswahili chake cha polepole kwa kunionea huruma. Akaniuliza kama yale aliyosema kwenye kikao niliyaandika.

Nikamwambia, kama mjukuu kwa bibi yake, "Niliandika, shosho."

Akafurahi. Akaweka mtungi chini. Akasema basi ni vizuri, kwa sababu vijana wa siku hizi hawajui, na wazee waliobaki ni wachache. Kisha, bila mimi kumuuliza, akarudia mambo yote aliyoyasema siku ile.

"Kanisa ya pale juu ilipojengwa, mafundi walimwaga chokaa kwa shimo. Kesho yake hii maji ilikuwa nyeupe kama maziwa. Siku tatu. Ng'ombe ilikataa kunywa. Sasa nikauliza, kama chokaa ilishuka, damu itakosa njia?"

Nilishindwa kumwangalia. Mimi nilihitaji miaka mitano ya chuo, rula na saa kugundua kitu ambacho yeye alikuwa amekiona kwa macho akiwa msichana. Na alikuwa amesimama akakisema, hadharani, mbele ya mhandisi mzima na chifu, nami nilikuwa na kalamu mkononi. Nilijichukia, nikachuchumaa pale kwenye chemchemi. Akanisaidia kwa kuniuliza kama naumwa, akanipa maji ninywe. Nikayanywa.

Nilirudi Makutano nikaandika barua kwa ofisi ya mazingira, nikaeleza shimo la tatu, nikaambatisha mchoro na picha. Halafu nikarudi Kangeta saa ambayo watu wapo, mchana, sokoni, mafungu ya miraa yakipakiwa na wenye magari wakigombana, nikaanza kuwaambia wakulima mmoja mmoja kilichoandikwa kwa jina lao. Wengi hawakujua hata kwamba kikao kilifanyika. Nilikuwa nimebeba karatasi ya pingamizi, nikawaomba watie sahihi. Mmoja akaikunja akanirudishia. Aliniambia mama yake alishatia sahihi moja kwangu akapewa soda, sasa ikawa amekubali machinjio. Hii nyingine akitia itakuwa amekubali nini? Nikaitia karatasi mkobani. Hasira niliyokuwa nayo kwa Injinia ilinirudia mwenyewe, na bado ninayo.

Lakini walikwenda wenyewe. Kundi zima walikwenda mpaka ofisi ya mazingira, na miguu yao, wakakaa kwenye ngazi mpaka wakaahidiwa kikao kingine, tena cha alasiri.

Siku moja kabla ya kikao, Injinia akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya upole. Akasema barua ameshaitia sahihi na muhuri, iko kwenye bahasha, ameiacha kwa yule msichana wa duka la chini. Naweza kuipitia kesho wakati wowote, hata alasiri. Alilikazia neno hilo, alasiri, saa ile ile ya kikao. Usiku huo mama naye akapiga, akaniuliza ile barua vipi, maana baba ameuliza tena. Nikamwambia iko tayari. Alimshukuru Mungu kwa sauti, nikamsikia akimwambia baba, na baba akasema jambo nisilolisikia, wakacheka wote wawili. Nilikaa na simu sikioni hata baada ya kukata.

Kesho yake nilipanda gari la Kangeta.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wachumaji walikuja na mikono yao ikiwa bado na utomvu, wachinjaji wa mjini walikuja na kofia zao wakasimama upande mmoja. Afisa wa mazingira, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alikuwa na ripoti mezani. Alianza na barua yangu. Akauliza ni nani aliyechimba shimo la tatu. Nikasimama. Akauliza namba yangu ya usajili. Nikasema sina. Injinia akasimama taratibu, akaeleza kwa masikitiko kwamba huyu ni mwanafunzi wake wa zamani, mtoto mzuri, mwenye bidii, ila hajahitimu kufanya vipimo na hakutumwa kufanya hicho anachokitaja. Afisa akaniangalia juu ya miwani. Akasema hawezi kupokea kipimo cha mtu asiyesajiliwa, sheria haimruhusu, nikae chini. Nikakaa. Injinia ndiye ambaye barua yake ingenifanya nisajiliwe, na alikuwa akinikataa kwa sababu sikusajiliwa, na uwanja mzima ukaona ni sawa kabisa.

Afisa akafungua kurasa za nyuma. Akasema kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu, wananchi waliulizwa na hawakupinga. Akaanza kuzisoma kwa sauti, chifu akitafsiri kipande kwa kipande. Nikasikia maneno yangu mwenyewe yakitoka. Mzee mmoja aliuliza kuhusu ajira. Kijana mmoja alipongeza. Mama mmoja alishukuru.

Chifu alipotafsiri lile, yule mama mzee, aliyekuwa ameketi mbele, aligeuka. Hakumtazama Injinia. Alinitafuta mimi katikati ya watu mpaka akanipata.

Nikasimama tena. Afisa akaanza kunikatiza kwamba nilishaambiwa. Nikasema sasa sisemi kuhusu udongo, nasema kuhusu karatasi aliyoishika, na kwa hilo sihitaji namba.

"Hizo kumbukumbu niliziandika mimi," nikasema. "Huyu mama hakushukuru. Mimi sikuelewa alichosema, nikaambiwa cha kuandika, nikaandika. Na sahihi hizo zote niliwaambia watu ni za soda."

Zikazuka kelele. Afisa aligonga meza. Akaniuliza, polepole, kama naelewa kwamba nimekiri mbele ya watu hawa wote kuwa nilighushi hati ya serikali. Nikasema naelewa. Akaandika. Alikuwa na mwandiko mzuri, nauona mpaka leo. Baadaye ndipo yule mama alipopewa nafasi, akasema habari ya chokaa upya, na safari hii iliandikwa yote, na wazee wengine wawili wakasimama kuthibitisha. Mchinjaji mmoja akanyoosha mkono akasema wao waliomba mahali pa kuchinjia, hawakuomba kuwanywesha watu damu, watafutiwe pengine. Injinia alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Machinjio yalijengwa, upande wa pili wa barabara, mbali na chemchemi, yana bwawa la kutuliza maji machafu kama inavyotakiwa. Ripoti mpya iliandikwa na nani? Na Injinia. Alieleza kwamba ile ya kwanza ilivurugwa na msaidizi asiye mwaminifu, ambaye ameshaachishwa. Nilipopeleka maombi ya usajili, hata bila ile barua, niliitwa kwenye chumba chenye meza ndefu, nikaulizwa swali moja tu, kama ni mimi niliyeghushi kumbukumbu za Kangeta. Nikasema ni mimi, na maombi yakaishia hapo. Yeye leseni yake ipo, imebandikwa ukutani, na watu humnunulia chai. Mama yangu hajawahi kuniuliza kilichotokea, baba ndiye aliyeuliza, na nilipomaliza kumsimulia alichukua kikapu chake akaenda shambani. Sijui hadi leo kama aliniona shujaa au mpumbavu. Nimeogopa kumuuliza.

Siku hizi nafundisha kemia katika shule ya kutwa huku kwetu, kwa kandarasi ya muhula. Mwaka huu mwalimu mkuu aliniambia nizungumze na kidato cha nne siku ya kuchagua kozi, niwape moyo kuhusu kazi za mazingira. Niliwaambia ukweli wote, kuanzia shimo la tatu. Niliwaambia kwamba niliandika uongo nikasifiwa, nikaufuta nikafukuzwa, na kwamba nina hasira, na kwamba sitawaambia kuwa hasira hiyo itapoa. Wengine walianza kufunga madaftari. Nilidhani nimewakatisha tamaa.

Baada ya kengele msichana mmoja alibaki nyuma, yule anayeongoza hesabu. Aliniambia ameamua, atasomea hiyo hiyo. Akasema amesikia yote. Halafu akaniuliza, akimaliza chuo, barua ile ataipata kwa nani huku kwetu.

Nilifikiri kwa bidii. Nilipita Embu kichwani, nikapita Chuka, nikafika Meru. Nikamwelekeza kwenye ngazi za kupandia ofisi ya Injinia, juu ya duka la vifaa vya ujenzi.